Gari Langu Limevaa Ndala

Nimefikia umri ambao mtu akiniuliza habari za siku nyingi, namjibu kwa habari za matairi. Sikuwa hivi. Zamani tairi kwangu lilikuwa kitu cheusi, cha mviringo, kinachopata pancha siku ya harusi. Nalijaza upepo, nalisahau, maisha yanaendelea. Aliyeniharibu ni shemeji yangu, kaka yake mama watoto, aliyekuja sikukuu kula pilau na kukagua maisha yangu.

Aliposhuka kwenye gari lake alilizunguka langu mara mbili, mikono nyuma kama msimamizi wa mitihani, akalipiga tairi la mbele teke dogo la kitaalamu, akasikitika.

"Shem, gari zuri. Ila umelivalisha ndala."

Ndala zenyewe zilikuwa na maandishi 185/65R15 88H ubavuni. Nilikuwa nimeishi nayo miaka sita bila kuyasoma, kama vile mtu anavyoishi na masharti ya mkopo. Baadaye nimeyasoma sana. Ile 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65, ambayo kila fundi mtaani kwetu huapa kuwa nayo ni milimita, si milimita hata kidogo: ni asilimia. Urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 120 za mpira na upepo kati ya rimu na lami. R ni mpangilio wa nyuzi za ndani, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 88 ni alama ya uzito, kila tairi linabeba hadi kilo 560. Na H maana yake tairi limeruhusiwa kwenda kilomita 210 kwa saa. Gari langu halijawahi kufika mwendo huo hata lilipokuwa ndani ya meli likiletwa kutoka Japani, lakini ni heshima kujua kwamba likitaka, matairi hayatakuwa kisingizio.

Shemeji hakuwa na habari na hesabu hizo. Yeye alikuwa na rimu za spoti za inchi 17, zilizolala stoo kwake tangu auze gari la zamani, na juu yake matairi yaliyoandikwa 205/40R17. Aliniuzia kwa laki saba, "kwa kuwa ni wewe shem." Mpaka leo najiuliza mtu baki angeuziwa shilingi ngapi.

Siku mbili za kwanza nilifurahi, nisiseme uongo. Gari lilionekana kama limekwenda saluni. Usukani nao ulibadilika. Kwa matairi ya zamani, ukikata kona kulikuwa na kale kakuchelewa kadogo, ubavu mrefu unajikunja kwanza, unajinyoosha, ndipo gari linakubali kugeuka, kama mtoto aliyetumwa dukani. Kwa haya ya ubavu mfupi, ukiwaza tu kugeuka, gari limeshageuka. Hakuna cha kujikunja, maana hakuna cha kukunjwa. Kwenye lami mpya usiku, barabara tupu, nilijiona kijana. Nilimpigia shemeji kumshukuru, jambo ambalo sasa linanirudia kila nikilala.

Siku ya tatu nikarudi nyumbani kwa njia yangu ya kawaida.

Sisi tunakaa Goba, ndani kidogo, baada ya lami kukata tamaa. Kuna shimo pale kwenye kona ya msikiti ambalo tumelizoea kiasi kwamba tunalitumia kuelekezea wageni: ukifika kwenye shimo, ingia kulia. Kwa ndala zangu nilikuwa nalipita kwa kishindo cha kistaarabu, bum, mama watoto anashika mlango, basi. Safari hii gurudumu lilishuka, na badala ya bum nikasikia kaa! Sauti ya chuma. Asilimia 40 ya 205 ni milimita 82. Nilikuwa nimeuza milimita 38 za mto wa upepo, upana wa vidole viwili, kwa laki saba, na mwenye shimo hakupewa taarifa.

Asubuhi fundi tairi wa njiapanda aliliangalia lile tairi akiwa bado ana mswaki mdomoni. Banda lake liko chini ya mkorosho: mashine ya upepo inayokohoa, beseni la maji yenye povu, na rundo la matairi ambalo watoto hulitumia kama ngome. Alichukua mate kwa ncha ya kidole, akapaka kwenye valvu, akatazama kama povu linachemka. Halikuchemka. Kisha akapitisha kiganja ubavuni taratibu, kama mkunga, akasimama mahali pamoja.

"Bosi, limeota nundu."

Nilidhani nundu inazibwa. Haizibwi. Ubavu mfupi ukibanwa kati ya kingo za shimo na rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na mahali zilipokatika mpira unabaki peke yake kuuzuia upepo. Upepo, kama wapangaji wote, unasukuma mahali penye udhaifu. Ile nundu unayoiona nje ni upepo ukichungulia. Siku ikichoka, inapasuka, na haiulizi uko mwendo gani. Rimu nayo ilikuwa imejikunja mdomo. Fundi aliinyoosha kwa nyundo huku akinieleza kwamba rimu za spoti ni za watu wa Masaki.

Na nundu haikuwa hasara pekee. Gurudumu jipya lilikuwa fupi kuliko la zamani kwa karibu sentimita mbili na nusu kipenyoni, kwa hiyo gari lilikuwa limeshuka zaidi ya sentimita moja, na tuta la shule ya msingi lilikuwa linanikwangua tumbo kila asubuhi mbele ya wanafunzi. Tena gurudumu fupi huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, na mshale wa mwendo hauna macho, unahesabu mizunguko. Ukinionyesha 50, kwa kweli niko 48. Sasa nikaelewa kwa nini daladala zote zilikuwa zinanipigia honi, hata zile mbovu.

Nilimpigia shemeji. Akasema tatizo si tairi, tatizo ni barabara. Hapo alisema kweli, ila sikuona namna ya kuirudisha barabara stoo kwake.

Nataka niseme jambo moja kuhusu watu wa mashindano, kwa sababu shemeji hujificha nyuma yao. Safari Rally ya Kenya ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha. Magari yale yanatengenezwa na wahandisi wanaolipwa vizuri, yanaendeshwa na mabingwa, na mtu akipata wazo la kuyafunga matairi mapana ya kukaa chini hakuna wa kumzuia kwa sababu ya bei. Kwenye mashindano ya lami kule Ulaya ndivyo wanavyofanya: rimu inchi 18, upana 235, ubavu asilimia 40. Lakini wakishuka Naivasha kwenye mawe na vumbi la Bonde la Ufa, wanavua viatu hivyo vyote. Wanavaa 205/65, rimu inchi 15. Ubavu wa milimita 133! Bingwa wa dunia, akiiona barabara inayofanana na ya Goba, anavaa ndala. Nilimwambia shemeji habari hiyo. Alinyamaza kidogo, akasema wale wana spea nyingi.

Basi nikarudi kwenye rimu zangu za inchi 15. Matairi ya zamani mama watoto alikuwa ameshayagawa, mawili yamekuwa vitalu vya mchicha. Fedha ya mapya haikuwepo, imemezwa na rimu za spoti. Nikaenda kutafuta ya mtumba.

Muuzaji alinionyesha manne, kashata zimejaa. Kashata ndiyo jina la kazi la yale matofali ya mpira juu ya tairi, na kama zile za nazi, huisha wakati bado unazitaka. Hizi zilikuwa za ajabu: kila tofali lilikuwa limechanjwachanjwa mistari myembamba, kama mkate uliopitishiwa wembe. Ukibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Na ubavuni kulikuwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu, katikati yake ua la theluji.

"Hii alama ni ya nini, kaka?"

Muuzaji hakusita hata nukta. "Kilimanjaro hiyo, mzee. Kibo, Mawenzi, Shira. Haya ni yale ya kiwanda cha Arusha, ya zamani, imara. Hayapatikani tena."

Kiwanda cha matairi Arusha kilikuwepo kweli, na kweli kilifungwa, na vilele vya Kilimanjaro kweli ni vitatu. Uongo wenye ushahidi wa kiasi hicho hauna budi kununuliwa. Nilinunua manne.

Alama ile, kwa faida ya wasomaji wengine wazalendo, ni ya matairi ya majira ya baridi. Mpira wake umechanganywa makusudi ubaki laini wakati mpira wa kawaida unakakamaa, yaani chini ya nyuzi joto 7, na zile chanjo za wembe ni za kung'ata theluji. Nyuzi 7 hapa Dar es Salaam ziko ndani ya friji, tena karibu na barafu. Mimi niliyavaa mwezi wa pili, mwezi ambao kivuli chenyewe kinatafuta kivuli.

Kuendesha gari lenye matairi ya theluji kwenye lami ya saa nane mchana ni kama kutembea juu ya magodoro. Ukikata usukani, tairi linakwenda, tofali la kashata linabaki nyuma kuaga. Ukifunga breki, unasikia gari linajivuta, linajikunyata, linasimama mbele kidogo ya pale ulipokuwa umepanga. Na lilikuwa linaisha kama kifutio. Nilikuwa nikipaki nyumbani naona vumbi jeusi kwenye rimu, nikidhani ni uchafu wa barabara. Lilikuwa tairi langu, linarudi mavumbini.

Kwenye mpira hakuna cha bure, hilo nimeligharamia. Ndani ya tairi kuna mpira wa miti, mpira wa kiwandani, masizi ya kaboni yanayoupa weusi na uimara, salfa inayoufanya usiyeyuke kama bazoka, siku hizi na silika inayosaidia kushika lami yenye maji. Mtengenezaji akiulainisha mchanganyiko unashika barabara lakini unaisha upesi. Akiufanya mgumu utaendesha mpaka mjukuu arithi, lakini mvua ya kwanza ikidondoka, breki zako zitakuwa ushauri tu. Kila kampuni inatafuta katikati, na katikati ya Finland si katikati ya Mbagala.

Kufika mwezi wa nne matairi yalikuwa vipara. Hapo shemeji akarudi na nadharia mpya.

"Kipara ndiyo dili, shem. Angalia Formula One. Umewahi kuona kashata kule?"

Sikujibu kwa sababu kwa hilo, Mungu anisamehe, yuko sahihi nusu. Kwenye lami kavu mfereji haushiki chochote, kinachoshika ni mpira unaogusa. Ndiyo maana kule wanakimbia na vipara. Nusu aliyoiacha ni kwamba mawingu yakitanda wanakimbilia ndani, na watu waliovaa helmeti wanawabadilishia yote manne kwa sekunde mbili au tatu, wanafungiwa yenye mifereji. Yale ya mvua kubwa yanatupa zaidi ya lita 60 za maji kwa sekunde, kila tairi, gari likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa. Mimi mvua ikinikuta Mlandizi nibadilishiwe na nani? Muuza mahindi?

Fundi wa njiapanda naye alikuwa na lake. Alijitolea kunichongea kashata mpya kwa kisu cha moto, elfu tano kila tairi. Alinionyesha mfano: tairi la Bajaji lililochongwa mistari mizuri, iliyonyooka, na chini ya kila mstari nyuzi zinaonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mifereji ipo, tairi halipo. Nilimshukuru, nikamwambia nitafikiria. Na nilifikiria, nakiri, usiku mzima.

Tulikuwa na sendofu Morogoro, binti wa mjomba. Mvua ya masika ikatukuta tumeipita Chalinze. Nilikuwa kwenye 80, lami inang'aa, wipa zinahangaika, mama watoto anasahihisha orodha ya zawadi. Mbele kulikuwa na mahali maji yamesimama, si mengi, unene wa soli ya kiatu. Niliingia, na usukani ukawa mwepesi kama sinia lililotoka kuliwa. Nikaukata kushoto kidogo. Hakuna kitu. Kulia. Hakuna kitu. Injini ikapiga kelele kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Tulikuwa hatuendeshi tena, tunasafirishwa.

Sikugusa breki. Si kwa ustadi, mguu ulikuwa umeganda. Niliachia mafuta tu, na baada ya muda ambao saa ingesema sekunde mbili na mimi nasema mwaka wa fedha mzima, matairi yakakuta lami, gari likatikisika, likakumbuka njia. Mama watoto hakusema neno mpaka tulipofika. Wanaomjua wanaelewa ukubwa wa jambo hilo.

Ile sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo mno kuliko mtu anavyodhani. Kwa gari la tani moja na ushee lenye upepo wa kawaida, kila tairi linagusa eneo kama la soli ya ndala ya mtoto wa miaka minne. Ndala nne za mtoto, ndizo zilizotushika sisi, zawadi, na sufuria tatu za kuazima. Na ukiweka tairi pana zaidi kwa upepo ule ule eneo hilo haliongezeki sana kama wauzaji wanavyoimba, linabadilika umbo tu: linakuwa pana kwa ubavu na fupi kwa urefu. Kwa kona kavu hiyo ni neema. Kwenye maji ni kisirani. Waliokulia pwani hawahitaji mhandisi hapa: ngalawa hukata maji, tishali hukaa juu yake. Sasa ongeza kwamba tairi jipya huwa na mifereji ya kina cha milimita 8 hivi ya kuyaondoa maji, na mle ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vinavyoonyesha kwamba ukibaki na milimita 1.6 umekwisha. Vyangu sikuviona siku nyingi, vilikuwa vimeisha pamoja na kila kitu.

Tuliporudi, mama watoto alishika fedha mwenyewe na kwenda nami dukani. Yeye ndiye aliyemwamuru kijana wa duka ageuze kila tairi tusome zile tarakimu nne za mwisho ubavuni. La kwanza lilikuwa limepakwa dawa likang'aa kama viatu vya bwana harusi. Liliandikwa 1114.

"Hilo la mwezi wa kumi na moja, mama," alisema kijana.

"La wiki ya kumi na moja, mwaka 2014," alisema mama watoto. "Linasoma darasa moja na mwanangu. Lete jingine."

Tulitoka na manne ya 185/65R15, mapya, ya kawaida kabisa, yasiyo na mlima wowote. Kibandiko cha saizi hiyo kilikuwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva muda wote huo, pamoja na upepo wake. Nimekuwa nikikifuta vumbi miaka sita.

Jumamosi iliyopita shemeji alikuja kuliazima gari. Lake amelifunga rimu za inchi 18, na limeota nundu mbili kwa mpigo akitafuta kwetu, likafia kabla ya kufika getini. Nilitaka kukataa, lakini mama watoto alikuwa ameshampa ufunguo. Kaka ni kaka. Alilirudisha usiku, akaingia ndani anapangusa jasho.

"Shem, nimekujazia upepo 45. Lilikuwa limelala, sasa limesimama wima kama askari."

Nilisubiri alale. Saa sita usiku nikatoka na msuli na kipande cha kijiti, nikachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Upepo ukizidi hivyo, tairi linafura katikati, na ile ndala ya mtoto inageuka soli ya mdoli. Nikabonyeza valvu. Pssss. Nikahamia la nyuma. Pssss. Mwanga wa tochi ukanipiga usoni kutoka juu ya ukuta.

"Nani huyo anatoa watu upepo?"

"Ni mimi, jirani."

"Gari la nani?"

"Langu."

Tochi ilibaki pale pale, inafikiri. Kisha ikashuka.

"Basi ukimaliza hilo, njoo na huku. La shemeji yako limeziba geti langu tangu asubuhi."